Dolutegravir kwa watu waliokwisha kutumia ARV

Dolutegravir (DTG) ni dawa ya kufubaza VVU inayozuia kimeng'enya cha integrasi, ambacho virusi hukitumia kujipachika katika vinasaba vya seli. Iliidhinishwa Marekani Agosti 2013. Katika Afrika Mashariki humezwa zaidi kama TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye pia tenofovir na lamivudine. Walioanza kukimeza wengi hawakuwa wageni wa tiba. Walihamishwa kutoka dawa nyingine. Kwa watu hao usalama hautegemei kidonge peke yake, bali pia dawa walizopitia, usugu waliobaki nao na dawa nyingine wanazotumia.

Dawa zilizotangulia

Stavudine iliwaachia wengi ganzi na maumivu ya miguu pamoja na mashavu yaliyobonyea, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizitaka nchi ziiondoe hatua kwa hatua. Nevirapine ilileta upele na madhara ya ini, efavirenz kizunguzungu na ndoto za kutisha. Ikilinganishwa na hizo, maudhi ya DTG ni mepesi: kukosa usingizi na kuumwa kichwa, hasa wiki za mwanzo.

Majaribio

Katika jaribio la SAILING, lililohusu wagonjwa wenye virusi sugu ambao hawakuwahi kutumia dawa za kundi la integrasi, virusi vilishuka hadi kutoonekana kwa asilimia 71 ya waliopewa DTG baada ya wiki 48, dhidi ya asilimia 64 ya waliopewa raltegravir. Jaribio la DAWNING liliilinganisha DTG na lopinavir kwa watu ambao dawa za mstari wa kwanza zilikuwa zimeshindwa: asilimia 84 dhidi ya 70, na kuharisha kulikuwa zaidi upande wa lopinavir. Jaribio lenye uzito mkubwa kwa eneo letu ni NADIA, lililofanyika Uganda, Kenya na Zimbabwe kwa wagonjwa 464. Lilionyesha kwamba DTG hufanya kazi vizuri hata pale virusi vinapokuwa na usugu kwa dawa zinazoambatana nayo, na kwamba kubaki na tenofovir ni bora kuliko kuhamia zidovudine.

Hofu ya mwaka 2018

Botswana ilianza kutumia DTG mwaka 2016, na utafiti wa Tsepamo ulikuwa tayari ukikagua watoto wanaozaliwa katika hospitali za nchi hiyo. Mei 2018 ulitangaza kwamba kati ya watoto 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa wanatumia DTG, wanne walikuwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo, ikiwemo mgongo wazi. Hiyo ni karibu asilimia 0.9, dhidi ya takribani asilimia 0.1 kwa dawa nyingine. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliwazuilia DTG wanawake wenye umri wa kuzaa na kuwabakiza kwenye efavirenz, hata wale waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango.

Julai 2018 wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali, wakadai waelezwe hatari na faida kisha waachiwe kuamua wenyewe. Dai hilo lilikuwa la haki. Idadi ya watoto waliokaguliwa ilipoongezeka hadi 1,683, wenye kasoro walikuwa watano, yaani asilimia 0.3, na Julai 2019 WHO iliipendekeza DTG kwa wote, wanawake wakiwemo. Takwimu zilizofuata zilifuta kabisa tofauti hiyo. Kucheleweshwa huko kuliwaumiza hasa wanawake waliokuwa na usugu kwa efavirenz, maana waliendelea kumeza dawa isiyowafaa.

Sukari na uzito

Katika kliniki ya Infectious Diseases Institute, Kampala, watu 16 kati ya 3,417 waliotumia DTG walipandwa na sukari, dhidi ya mmoja kati ya 3,230 waliotumia dawa nyingine. Ni wachache, lakini baadhi walifika hali zao zikiwa mbaya, kwa hiyo mgonjwa wa umri mkubwa, mnene au mwenye shinikizo la damu apimwe sukari kabla ya kuhamishwa na miezi ya mwanzo baada ya hapo. Kuongezeka uzito hutokea zaidi kwa wanawake.

Dawa nyingine mwilini

Rifampicin hupunguza DTG katika damu, hivyo mgonjwa wa kifua kikuu huongezewa miligramu 50 za DTG saa 12 baada ya TLD. DTG nayo hupandisha kiwango cha metformin, ambayo kwa kawaida haipaswi kuzidi miligramu 1,000 kwa siku. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini huizuia DTG isifyonzwe. DTG imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito vinaweza kumezwa pamoja nayo iwapo anakula chakula wakati huohuo. Kreatinini hupanda kidogo bila figo kuharibika. Mwenye homa ya ini B asiondolewe tenofovir bila mpango, kwa kuwa ugonjwa wa ini unaweza kulipuka.

Usugu

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Ripoti ya WHO ya Machi 2024 ilitaja usugu wa DTG wa kati ya asilimia 3.9 na 8.6, uliofika asilimia 19.6 kwa watu waliohamishwa wakiwa na wingi mkubwa wa virusi. Kumbadilishia mtu kidonge bila kufuatilia kipimo cha wingi wa virusi ni uzembe, na mgonjwa ana haki ya kuuliza majibu ya kipimo chake kila anapofika kliniki ya tiba na matunzo (CTC).

Dawa mpya zaidi

Sindano za cabotegravir na rilpivirine, zinazochomwa kila baada ya miezi miwili, zilijaribiwa Uganda, Kenya na Afrika Kusini katika utafiti wa CARES kwa watu ambao virusi vyao vilikuwa vimedhibitiwa. Tatizo la kawaida lilikuwa maumivu mahali pa sindano. Lenacapavir iliidhinishwa mwaka 2022 kwa wenye usugu wa dawa nyingi.