Mwamuzi Aliyevaa Jezi

Kamukuywa haina stesheni. Soko hili la barabara ya Webuye kwenda Kitale limekaa kati ya reli mbili: tawi lililofika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ipitayo Webuye na Bungoma hadi Malaba, kisha Uganda. Hata hivyo, nauli zilizopangwa mbali na hapa zimeingia katika bei ya mahindi na mbolea kwa karibu miaka mia, na waliozipanga hawakukosa maslahi yao humo.

Reli iliyoanza Mombasa 1896 ilifika Kisumu 1901. Mwaka uliofuata Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda, Bungoma ikiwemo, wakautia katika himaya ambayo leo ni Kenya. Reli ilitaka bwana mmoja, basi mpaka ndio uliosogezwa!

Miaka ya 1920 rungu la serikali likawa nauli. Bidhaa kutoka ng'ambo zilitozwa sana, huku mahindi ya walowezi wa Trans Nzoia yakisafirishwa nje kwa bei nafuu. Aliyenunua jembe la Uingereza alikuwa akimchangia mlowezi bila kujua. Mwaka 1932 Roger Gibb aliandika ripoti nzima kuhusu nauli na fedha za reli za Kenya, Uganda na Tanganyika. Muongo huohuo malori yalipoanza kunyakua mizigo, serikali iliyabana kwa leseni. Reli ilikuwa yake, ingemwadhibu nani?

Mwaka 1948 reli za nchi tatu ziliunganishwa, na kuanzia 1967 zikawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977, mabehewa yakagombaniwa, kila nchi ikaunda shirika lake.

Jaribio la kumweka mwekezaji lilikuja Novemba 2006, Kenya na Uganda zilipoikodisha reli kwa Rift Valley Railways kwa miaka 25. Hapa ndipo usimamizi ulipopimwa hasa. Mkataba uliweka malengo ya mizigo, na kila serikali ilistahili asilimia 11.1 ya mapato. Kwa maneno mengine, mkaguzi alilipwa na duka alilolikagua. Wanahisa wakuu walibadilika, malengo yakakosekana, na mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Nchini Kenya reli ikarudi mikononi mwa Shirika la Reli.

Wakati huo reli mpya ya geji sanifu, SGR, ilikuwa imefika. Tangu 2013 waagizaji walikuwa wakitozwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa kuigharimia reli. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba mizigo inayoingia kupitia Mombasa ipande SGR. Wenye malori wakalia, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ikaifuta. Mizigo ya Uganda nayo ilielekezwa Naivasha, hadi Rais William Ruto alipourudisha ukaguzi wa forodha Mombasa Septemba 2022. Amri inayobadilika kila utawala mpya haistahili kuitwa kanuni.

Uganda sasa imetia saini mkataba wa kujenga SGR yake kutoka Malaba hadi Kampala. Kabla vyuma vya nchi mbili havijakutana, mabunge ya Nairobi na Kampala yaunde chombo kimoja cha kupanga nauli na kusikiliza malalamiko, kisichomiliki behewa hata moja wala kula asilimia ya mapato.