Chemirocha na Uzito wa Sauti

Sauti ya gitaa la stili ilifika Kericho kabla ya stima kufika vijijini. Ilikuja ndani ya santuri, ikachezwa kwa gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, bila hata wati moja. Mwimbaji alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyerekodi mara ya kwanza mwaka 1927 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Katika baadhi ya nyimbo zake za 1928 na 1929 unalisikia gitaa hilo: linalazwa mapajani, kipande cha chuma kinateleza juu ya nyuzi, na sauti inapanda na kushuka kama mtu anayelia kwa adabu.

Wakipsigis walilitamka jina lake kwa namna yao: Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, hapa hapa Kericho, akarekodi wasichana wakimwimbia Chemirocha kwa kinubi. Aliandika kwamba kwao Chemirocha alikuwa nusu mtu, nusu swara. Makala nyingi huishia hapo, kwa kicheko kidogo, ati oneni watu wa kijijini. Mimi naisoma tofauti. Watu walisikia ala za mbali wasizoweza kuzigusa, wakajibu kwa ala waliyokuwa nayo.

Swali langu ni kwa nini gitaa lenyewe bado ni nadra huku, na country inapendwa hivi. Harusini utasikia stili, ndiyo, lakini ni kitufe kwenye kinanda.

Jibu moja ni uzito. Gitaa likilazwa mapajani, sauti yake inaelekea dari, si watu. Ndiyo maana gitaa la kwanza la umeme kupata soko lilikuwa la stili: George Beauchamp alilibuni mwaka 1931, na Rickenbacker wakaanza kuliuza 1932. Tangu hapo amplifaya ikawa nusu ya ala. Mpiga stili hataki mngurumo, anataka usafi. Anagusa uzi, kisha sauti ikianza kufifia anaiongeza polepole kwa pedali ya mguuni, noti isimame. Hapo amplifaya inahitaji akiba kubwa ya nguvu, na sikio nalo ni bahili: ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ili mtu aseme sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati karibu mara kumi.

Kwa hiyo wapiga stili walibeba mizigo. Fender Twin Reverb, ya wati 85, ina karibu kilo 29. Sehemu kubwa ya uzito huo ni spika na transfoma, kwa sababu umeme unaobadilika mara 50 au 60 kwa sekunde unahitaji chuma kingi.

Nilipoachana na chuo kikuu nilibeba spika za bendi moja ya harusi. Mvua ikinyesha Kiptere, hesabu ilikuwa hivi: pikapu kwanza, jenereta pili, wanamuziki mwisho. Ala inayodai kilo 29 zake peke yake inakatwa kwenye orodha kabla mtu hajauliza inalia vipi.

Nigeria walifaulu. King Sunny Adé aliingiza stili kwenye muziki wa juju miaka ya 1970, na mpigaji wake, Demola Adepoju, anasikika pia kwenye albamu ya Paul Simon ya 1986, Graceland. Lakini ile ilikuwa bendi kubwa, yenye uwezo.

Siku hizi kuna amplifaya za daraja la D. Transista zake hazikai nusu wazi zikichoma umeme bure. Zinawaka na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na takriban asilimia 90 ya umeme inafika kwenye spika badala ya kuwa joto ndani ya amplifaya. Umeme wa ukutani nao ukikatwakatwa kwa kasi hiyo, transfoma inatosha kiganjani. Pat Quilter, mmoja wa waanzilishi wa QSC mwaka 1968, alianzisha kampuni nyingine mwaka 2011. Tone Block 200 yake inatoa wati 200 na haifiki kilo 3, spika ikiwa kando. Wapo wanaodai sauti ya valvu ina joto zaidi. Wabishane tu. Kule ubishi ni wa ladha na maumivu ya mgongo. Huku ni wa nani atapiga na nani hatapiga.

Mwaka 2015 rekodi za Tracey zilirudishwa kwa Wakipsigis, wazee wakajisikia wakiwa vijana. Sauti ilirudi nyumbani. Gitaa lililoichochea bado liko njiani. Amplifaya ya kilo 3 inaingia begi la shule, na begi linapanda boda. Kisingizio cha uzito kimekwisha. Zimebaki bei na mwalimu, na hizo hazitatuliwi na transista.