Zana za Upepo

Gatini Nyamisati, wilayani Kibiti, neno upepo lina wenyewe. Kusi ni upepo, kaskazi ni upepo, na mashua inayotweka tanga kwenda Mbwera au Kiongoroni haina nahodha asiyeutazama kwanza. Hapohapo fundi akisema sitaha ya boti ataipiga msasa "kwa upepo", mgeni ana haki ya kuduwaa. Fundi anazungumzia kompresa.

Istilahi ya kimataifa ni nyumatiki, kutoka neno la Kigiriki pneuma, yaani pumzi au upepo. Wapenda usanifu huifafanua: zana zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Hawajakosea. Gobori hushindiliwa baruti, gunia hushindiliwa pamba, na hewa nayo hushindiliwa tangini mpaka nguvu yake izidi mara saba au nane ile ya hewa tunayovuta. Ila maneno ni mengi, na mtaani walishakata njia zamani: tairi hujazwa upepo, lori lina breki za upepo, basi mashine ya msasa inayochomekwa mpira wa kompresa ni msasa wa upepo. Mimi nipo upande wa mtaa, wala si kwa sababu ya ufupi tu.

Hewa iliyoshindiliwa ni habari ya ndani ya tangi. Kazi hufanyika hewa ikishatoka humo. Ndani ya mashine ya msasa mna vijipanga vidogo. Hewa hupita kwa kasi, huvisukuma, bamba la chini likazunguka, kisha hewa ikatoka nje imepoa. Kinachosaga rangi ni mkondo huo. Zana nyingi za mkono za aina hii hutaka presha ya baa 6 hivi, na hiyo hata kompresa ndogo ya fundi pancha huifikia. Lakini mashine ya msasa hunywa mamia ya lita za hewa kila dakika, bila kupumzika. Tairi hutaka presha kwa muda mfupi, likajaa, basi. Sitaha hutaka upepo wa asubuhi nzima. Mnunuzi aliyefundishwa neno presha peke yake atasoma idadi ya baa kwenye kibandiko, ataridhika, halafu atafika kazini na mashine inayosaga kidogo na kungoja sana tangi lijae. Anayejua kuuliza "inatoa upepo kiasi gani kwa dakika?" ataokoa fedha yake.

Presha yenyewe, kwa wengi wetu, kwanza ni ugonjwa. Kanieneo la vitabu vya fizikia halijatoka darasani, na mgandamizo wameshauchukua watabiri wa hali ya hewa.

Msasa nao una safari yake. Zamani ulikuwa mti: majani yake hukwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani. Jani likawa karatasi, karatasi ikawekwa kwenye mashine, neno likabaki lilelile. Kwa hiyo msasa wa upepo haukuhitaji kikao cha kamati.

Kwa nini upepo na si umeme? Maji. Boti iliyopwelea kwenye tope la delta ya Rufiji si mahali pa kuburuta waya wa umeme. Kompresa yenye injini ya petroli hukaa pakavu, na kinachofika kwenye chombo ni mpira tu. Mashine ya upepo ikilemewa husimama, haiungui. Kasoro yake ni ulaji wa mafuta, maana nguvu nyingi hupotea kama joto wakati wa kushindilia.

Kazi yenyewe huanza na ndoo. Sitaha ioshwe kwa maji matamu, ambayo vijijini karibu na bahari si ya kuchezea, kwa sababu chumvi ikisagwa pamoja na rangi kuukuu huzama kwenye mbao, na baadaye rangi mpya hutoka malengelenge. Ikikauka, msasa namba 60 huondoa rangi ya zamani. 80 au 100 humalizia. Kuna mafundi wanaoendelea kulainisha mpaka mbao zing'ae. Uzuri huo ni wa kabati. Rangi inataka mikwaruzo ya kushikia, na miguu iliyolowa inataka sitaha isiyoteleza. Wengine hunyunyiza mchanga safi juu ya rangi mbichi kwa ajili hiyohiyo.

Halafu kuna vumbi, na kishawishi cha kulipuliza kwa mpira uleule. Hewa ya delta ina unyevu mwingi. Ikishindiliwa na kupoa, unyevu hugeuka maji ndani ya tangi, na kompresa nyingi huongeza ukungu wa mafuta. Ukipuliza bila chujio la maji, unaipaka sitaha vitone usivyoviona, na rangi itavikimbia na kuacha vijicho. Fungua koki ya chini ya tangi kila siku, weka chujio kwenye mpira, na mwisho futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo tina.

Sitaha za chuma, kama ya kivuko MV Kilindoni kati ya Nyamisati na Mafia, ni habari nyingine: adui ni kutu. Kuna zana ya upepo yenye fungu la sindano za chuma zinazogonga haraka na kufuata kila bonde la chuma. Wenye lugha nyingine huiita bunduki. Kibiti, baada ya mauaji ya watu kwa risasi mwaka 2017, sioni haja ya jina hilo, tena si la kweli: zana hairushi kitu, inagonga. Nyundo ya sindano inatosha. Na kilichogongwa asubuhi kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kwa maana chuma kitupu kikilala nje usiku mmoja wa umande wa chumvi, kazi inaanza upya.