Shamba na Dungu

Kwetu Mkongo, Rufiji, mkulima wa mpunga hujenga dungu, kibanda juu ya nguzo, apate kuwaona wanyama waharibifu. Shamba ni lile lile, ila sasa analimudu.

Kivinjari cha intaneti nacho ni shamba. Firefox, iliyotolewa Novemba 2004, iliruhusu yeyote kuiundia nyongeza. Mwaka 2006 ilipata kisahihishi cha tahajia, lakini kwa kamusi ya Kiingereza neno letu "mafuriko" lilipigwa mstari mwekundu, eti kosa! Dawa ni kuongeza kamusi ya Kiswahili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walioifasiri OpenOffice mwaka 2004, walikwisha kuonyesha njia.

Nami nasema: anayekupa shamba hakujengei dungu. Tujijengee.