Bibi, Wajukuu na Hela za TASAF

Zamani, kwa Wanyakyusa wa Rungwe, mwanamume akifa mdogo wake ndiye aliyeurithi mji wake: mashamba, ng'ombe, wajane na watoto. Yatima hakuhitaji kutafutiwa mlezi, kwani mlezi alikwisha kujulikana baba angali hai. Lakini utaratibu huo ulitaka mdogo mtu awepo.

Ukimwi uliwaondoa ndugu wa tumbo moja wakifuatana. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa njiani: barabara kuu ya Zambia inakatiza Mafinga, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, reli ya TAZARA ilianza kazi mwaka 1976, mashamba ya chai ya Mufindi yaliita vibarua kutoka mbali. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 uliukuta Mkoa wa Iringa, Njombe ikiwa bado ndani yake, ukiongoza nchi nzima kwa maambukizi. Watu wazima asilimia 15.7 walikuwa na VVU, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.7. Watoto wakabaki kwa bibi, aliyekuwa akitegemea kulishwa na hao hao aliowazika.

Sheria ya Mtoto ya 2009 iliyapa malezi ya kambo mahali pake, na kanuni zake zikatoka 2012. Mlezi anaomba, afisa ustawi wa jamii anamkagua. Ila gharama za kumtunza mtoto sheria ilimwachia mlezi, kana kwamba ndiye mzazi. Tena bibi wa Mufindi hakuwa na haja ya kuomba wajukuu wake mwenyewe, kwa hiyo karatasi hizo hazikumgusa.

Kilichomfikia ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanzishwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) mwaka 2012. Mkutano wa kijiji ulitaja kaya zisizojiweza, kisha dodoso likazichuja. Hakuna aliyelipwa kwa kuwa mlezi. Hela ilifuata umaskini wa kaya, na kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na kasoro: bibi mwenye bati na shamba dogo la viazi angeweza kuachwa nje, hata kama analea watano.

Kwa viwango vya mwanzo, kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi, 4,000 zaidi ikiwa na watoto, na 2,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi, wasizidi wanne. Bibi mwenye wajukuu watatu darasani alihesabiwa 20,000. Malipo yalikuja kila baada ya miezi miwili, hivyo siku ya malipo alipokea 40,000 mkononi, kama hakuna mjukuu aliyekatwa. Maana mtoto alitakiwa kuhudhuria asilimia 80 ya siku za masomo, na bibi ndiye aliyebeba hasara ya mjukuu mtoro.

Wajukuu hao walipobalehe, TASAF, Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS) na UNICEF walijaribu jambo jingine katika halmashauri za Rungwe, Busokelo, Mufindi na Mafinga. Mradi uliitwa Ujana Salama; utafiti wake ulihusisha vijiji 130, na nusu yake ndivyo vilivyopata mradi. Vijana wa miaka 14 hadi 19 kutoka kaya za walengwa walifundishwa kwa wiki 12 stadi za maisha, afya ya uzazi na kujitafutia riziki, kisha wakapewa mshauri wa kuwafuatilia. Mtaji wa kuanzia, unaokaribia dola 80, alipewa kijana mwenyewe.