Wenye Nchi wa Kuukeni: Masanze na Bara ya Usagara

Masanze, ambayo leo ni kata ya wilaya ya Kilosa na kwa mambo ya Bunge imo katika jimbo la Mikumi, haina ngome wala gofu la jumba la kale ambalo mgeni angeonyeshwa na kuambiwa kwamba hapa walikaa watukufu. Na kwa sababu hiyo waandishi wa tarehe, ambao aghalabu huutafuta ukubwa penye mawe na chokaa, wameipita nchi hii ya Wasagara na jirani zao Wakaguru, Waluguru na Wavidunda kana kwamba hapakuwa na mabwana ndani yake. Mabwana walikuwapo, ila ubwana wao ulikaa katika nasaba, na nasaba yenyewe ilihesabiwa kuukeni.

Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake. Baba alimlea na kumpenda, walakini cheo na ardhi vilitoka kwa mjomba vikaenda kwa mpwa, na kwa Waluguru mrithi hutwaa hata jina la marehemu pamoja na kigoda chake, ndiyo maana Kingalu, mganga wa mvua mashuhuri wa milima ile, amekufa mara nyingi na yungali hai. Koo zilikuwa nyingi, za Wakaguru peke yao zikiwa yapata mia, na katika kila bonde ukoo mmoja ulisimulia kwamba wahenga wake ndio waliotangulia kufika. Hao wakawa wenye nchi, na waliokuja nyuma yao wakapewa mahali pa kulima kwa idhini yao. Hata ndani ya ukoo huo watu hawakuwa sawa, kwa kuwa mlango uliotokana na dada mkubwa uliutangulia mlango wa dada mdogo.

Utukufu huo haukujulikana kwa mavazi wala kwa wingi wa mali. Ulidhihiri kabla ya masika, mvua ilipokawia, wakati mzee wa wenye nchi alipokwenda makaburini kwa wahenga wake akamwaga pombe na unga na kuwaita kwa majina. Na mkazi mwingine, hata akiwa tajiri kuliko yeye, asingethubutu kuitambikia ardhi isiyokuwa ya mama zake. Lakini hapo hapo palikuwa na mlango wa hila, nao haufai kufichwa: mwanamume aliyezaa na mke muungwana alizaa kwa ajili ya ukoo wa wengine, bali aliyezaa na mjakazi, mwanamke aliyetengwa na jamaa zake, aliwapata watoto wasiokuwa na mjomba wa kuwadai, na kwa njia hiyo, biashara ya watumwa iliposhamiri katika karne ya 19, wakubwa waliweza kujiongezea watu wa kuwafuata wao wenyewe.

Urithi wa namna hii haukuwa wa huku peke yake. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 asipande bara, aliukuta urithi wa mpwa katika pwani ya Malabar, kusini ya Bara Hindi, na alipouona tena Afrika ya Magharibi aliandika kwamba popote pengine duniani hakuuona. Huko Malabar Wanair walikaa katika nyumba kubwa za ukoo chini ya amri ya mjomba mkubwa, na makundi ya daraja ya juu, kama Wasamanthan na Wakiryathil, yalijitenga na wengine kwa ndoa na kwa heshima, na Zamorin wa Calicut mwenyewe alirithiwa kwa upande wa dada. Tofauti, nami naiona kuwa kubwa, ni kwamba Msamanthan alikuwa Msamanthan kila alikokwenda, hali mwenye nchi wa Usagara akivuka kilima kimoja alikuwa mgeni kama wageni wengine, akiomba shamba kwa wenye nchi wa huko.

Jambo hilo Mjerumani Carl Peters hakulijua, au alijua akanyamaza. Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msovero, alimtilisha Mangungo, mkubwa wa hapo, alama katika karatasi iliyomwita sultani na kusema kwamba ametoa nchi yake kwa Wajerumani milele. Siku chache baadaye akafanya vivyo kwa Mwinyi Sagara, ambaye jina lake limebaki katika kituo cha reli cha Munisagara. Kwa karatasi za namna hiyo Kaiser alitoa hati ya himaya tarehe 27 Februari 1885. Wajerumani wakaleta maakida, wengi wao watu wa pwani wasiokuwa na kaburi la mhenga huku bara. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1926 ya utawala wa wenyeji, wakatafuta wakubwa wachache wa kuwalipa mshahara mahali palipokuwa na wenye nchi wengi, hata mwaka 1963 serikali huru ikaufuta uchifu wote.

Atakaye kumlaumu Mangungo, kama ilivyo desturi barazani na hata Bungeni, na amlaumu kwa kuitia alama karatasi ya lugha asiyoijua. Lakini kuiuza nchi hakuiuza, kwa maana hata mwenye nchi wa haki alikuwa mlinzi wa ardhi ya mama zake na ya wapwa ambao hawajazaliwa, na katika mila za Usagara hapakuwa na mtu mmoja aliyekuwa na mamlaka ya kuiuza.