Mundu Ndani ya Tone la Damu

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni husomeshwa biolojia ya seli na jenetiki kwa mafungu mawili. Muhula huanza na seli: utando, kiini, mitokondria, mgawanyiko. Mtihani wa kati ukishapita, hufunguliwa fungu la pili: njegere za Mendel, kromosomu, DNA. Ndivyo nilivyosomeshwa mimi, na daftari langu la siku hizo limejaa michoro niliyonakili ubaoni. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu darasani tuliujua kwa ndugu au jirani, ulipewa mistari mitatu mwishoni. Kadiri ninavyosoma historia ya elimu hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mistari hiyo ilistahili kuwa mlango wa somo zima. Mafungu yale yalikuwa mito miwili iliyotiririka mbalimbali kwa zaidi ya miaka mia mbili, na baada ya kukutana, nguvu zake zilionekana wazi katika damu ya watu wa pwani ya Kenya, wa kandokando ya Ziwa Viktoria, na wa Kampala.

Mto wa kwanza ulianzia kwenye hadubini. Mwaka 1665, huko London, Robert Hooke alichapisha kitabu chenye mchoro wa kipande chembamba cha kizibo. Alikuwa ameona vijumba vitupu vimepangana kama masega ya nyuki, akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini lililomaanisha chumba kidogo, nasi leo twasema seli. Hooke aliona kuta tu. Waliokaa vyumbani walikwisha kufa zamani. Wakazi walio hai walionwa na Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa asiyejua Kilatini wala kukanyaga chuo kikuu. Alisaga lenzi zake kwa mikono yake, na kuanzia miaka ya 1670 akawa anawaandikia wanazuoni wa London barua baada ya barua: juu ya viumbe wanaoogelea katika maji ya ziwa, seli nyekundu za damu, mbegu za kiume za binadamu, hata uchafu aliojikwangua menoni mwake.

Kisha mambo yalikwenda polepole. Robert Brown alikitambua kiini mwaka 1831. Matthias Schleiden alisema mwaka 1838 kwamba mimea yote imejengwa kwa seli, na mwaka uliofuata Theodor Schwann akasema vivyo hivyo juu ya wanyama. Lakini wote wawili walidhani seli mpya hujifanya kutoka majimaji, kama chumvi inavyoganda jua likikausha maji. Aliyewasahihisha ni Robert Remak wa Berlin, aliyezitazama seli za viinitete zikigawanyika. Remak alikuwa Myahudi, na kwa sababu hiyo alinyimwa uprofesa kamili hadi kufa kwake. Rudolf Virchow ndiye aliyeitangaza kanuni hiyo mwaka 1855, kwamba kila seli hutokana na seli, na vitabu vingi vya kiada vikampa sifa yeye peke yake. Mwalimu anayelitaja jina la Remak darasani anatenda haki.

Kanuni hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Maana yake ni kwamba seli za kidole kinachofungua ukurasa huu zimetoka kwa seli za mama na baba, nazo kwa seli za babu na bibi, bila mnyororo kukatika hata mara moja tangu uhai ulipoanza.

Mto wa pili ulitoka mashambani na mazizini. Kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, kila mtu alijua. Hakuna aliyejua kwa nini mjukuu huzaliwa na sura ya babu ambayo baba yake hakuwa nayo. Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alilishughulikia swali hilo kuanzia mwaka 1856 katika bustani ya monasteri yake, kwa njegere na kwa hesabu. Kwa muda wa miaka minane hivi alikuza takriban miche 28,000. Alipochavusha njegere zenye mbegu za mviringo kwa zile zenye mbegu za mikunjo, kizazi cha kwanza kilikuwa cha mviringo kitupu. Katika kizazi cha pili alihesabu mbegu 7,324: za mviringo 5,474, za mikunjo 1,850. Tatu kwa moja. Mikunjo haikuwa imepotea. Ilijificha kizazi kizima ikarudi vilevile ilivyokuwa. Sifa, basi, haziyeyukiani kama maziwa ndani ya chai. Hupita kutoka kizazi hadi kizazi kama punje, kila moja nzima. Mendel alilisoma hilo mbele ya wenzake mwaka 1865, likachapishwa mwaka 1866, na alipofariki mwaka 1884 karibu hakuna aliyekuwa amelielewa. Mwaka 1900 ndipo wataalamu watatu wa mimea walipolifufua.

Wakati huohuo, kwenye mto wa kwanza, Friedrich Miescher alikuwa amekamua kutoka usaha wa bandeji za hospitali, mwaka 1869, kitu kigeni cha ndani ya kiini ambacho leo tunakiita DNA. Walther Flemming alikuwa amechora nyuzi zinazojitenga seli inapogawanyika, ndizo kromosomu. Makutano yalikuja mwaka 1902 na 1903, kwa mkono wa Walter Sutton, kijana wa shamba huko Kansas aliyekuwa mwanafunzi New York. Katika seli za panzi aliona kromosomu zikikaa jozi jozi, kisha kila jozi ikitengana ili kila mbegu ya uzazi ipate moja. Hivyo ndivyo punje za Mendel zilivyopaswa kwenda. Theodor Boveri alifikia hapohapo akiwa Ujerumani. Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake wakaja kuithibitisha hoja kwa nzi wa matunda.

Mwaka 1910, Morgan alipompata nzi wake mwenye macho meupe, daktari mmoja wa Chicago, James Herrick, alichapisha habari za kijana kutoka Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Baadhi ya seli nyekundu za damu yake zilikuwa nyembamba na zimepinda kama mundu. Ilichukua karibu miaka arobaini kufahamu maana yake. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini (protini ibebayo oksijeni damuni) ya wagonjwa wa selimundu hujongea tofauti na ya wengine inapowekwa kwenye umeme, na kwamba wabebaji wasiougua wana aina zote mbili kwa pamoja. Mwaka huohuo James Neel alionyesha kuwa ugonjwa unarithiwa kama njegere za Mendel: huugua aliyepokea jeni yake, yaani punje ile ya Mendel, kwa baba na kwa mama, aliyepokea moja tu huibeba akiwa mzima.

Hapo pakabaki fumbo. Jeni inayoua watoto ingepaswa kupungua kila kizazi hadi iishe. Kwa nini basi imeenea?

Aliyelijibu alikulia Kenya. Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini, alilelewa shambani katika Bonde la Ufa, na mwaka 1949, angali mwanafunzi wa Oxford, alirudi na msafara wa chuo chake akikusanya damu za watu wa makabila mengi. Matokeo yalimshangaza. Pwani na karibu na Ziwa Viktoria, wabebaji wa jeni walizidi mtu mmoja katika watano. Katika nyanda za juu zenye baridi hawakufika mmoja katika mia. Aliyekulia nchi hiyo hakuhitaji ramani nyingine kukumbuka mbu wako wapi.

Alimaliza udaktari kwanza, kisha mwaka 1953 akarejea. Karibu na Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda. Kati ya wabebaji 43, waliokutwa na vimelea vya malaria ni 12. Kati ya wasiobeba 247, walikuwa 113. Yaani asilimia 28 dhidi ya 46. Pia aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea: kati ya 15 wabebaji vimelea vilionekana kwa wawili, kati ya 15 wengine kwa 14. Jaribio hilo, kwa jinsi lilivyofanywa, huenda lisingepita leo mbele ya kamati ya maadili; taarifa yake ilichapishwa mwaka 1954. Lakini jibu lilipatikana. Jeni ileile inayomtesa mtoto aliyeipata mara mbili humkinga na malaria nduguye aliyeipata mara moja. Kwa mara ya kwanza uteuzi asilia ulionekana waziwazi kwa binadamu, jeni ikijulikana na sababu yake ikijulikana.

Uvumbuzi mwingine wa miaka hiyo ulijaza sehemu zilizobaki. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walieleza msokoto pacha wa DNA, wakisaidiwa mno na picha ya eksirei iliyotoka maabara ya Rosalind Franklin, aliyefariki akiwa na miaka 37 kabla ya tuzo ya Nobeli kutolewa kwa wengine. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan walichapisha hesabu sahihi ya kromosomu za binadamu, 46. Kwa zaidi ya miaka thelathini vitabu vilikuwa vimefundisha 48. Na Vernon Ingram, akiichambua himoglobini ya selimundu huko Cambridge, akakuta kosa ni moja tu: katika mnyororo wenye asidi amino 146, ya sita imebadilika. Katika DNA ni herufi moja, A iliyogeuka T, kati ya bilioni tatu.

Ugonjwa wenyewe bado upo: nchini Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa nao. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2004, imewafuatilia maelfu yao. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni kwa ajili ya ugonjwa huu, na bei yake Marekani ikatajwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa familia nyingi za hapa, kinachookoa maisha ni kumpima mtoto mapema, antibiotiki za kinga, na vidonge vya haidroksiurea visivyokosekana duka la dawa.

Ningepewa mimi kulipanga somo la mwaka wa kwanza, siku ya kwanza ingekuwa maabara, kabla ya ubao. Tone la damu ya mbebaji aliyeridhia, kemikali inayoondoa oksijeni, kioo kilichofunikwa kisiingize hewa, kama walivyofanya wapimaji wa enzi ya Allison. Kisha wanafunzi wangesogea kwenye hadubini kwa zamu, wakisubiri seli za mviringo zianze kujipinda, moja baada ya nyingine.